Jinsi ya Kufuta Diski ya Kompyuta na Kuweka Mfumo Upya



Mhariri wa kurasa hizi za Kiswahili aliniomba nieleze kazi ninayoifanya kila Jumamosi alasiri katika chumba cha kompyuta, yaani kufuta diski za kompyuta zilizougua na kuweka mfumo wa uendeshaji upya. Mwanzoni nalikataa, maana muhula uliopita nalifanya kosa kubwa katika kazi hiyo hiyo, na wengi hapa shuleni mnalijua. Mhariri akanijibu, "Basi liandike na kosa lenyewe." Kwa hiyo nitaeleza kazi na kosa pamoja, na mwishoni ninalo ombi kwa wazee wetu.

Chumba chetu kina mashine 11. Tulizipata zikiwa zimekwisha tumika ng'ambo, na nyingi zilitengenezwa mwaka 2013 au 2014. Zilikuja na mfumo wa Windows 10, nao ulitufaa sana. Walakini tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuutunza mfumo huo, baada ya miaka 10 hivi tangu ulipotolewa Julai 2015. Mtu asidhani ya kuwa siku ile kompyuta zilizimika. Ziliendelea kuwaka kama jana, ila matundu yanayogunduliwa katika mfumo hayazibwi tena kwa mtu asiyejiandikisha kupata nyongeza ya muda, na wezi wa mtandao huyajua matundu hayo upesi kuliko sisi. Nayo Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, haizikubali mashine zetu. Yataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, tena kwa upande wa Intel yataka kichakataji cha kizazi cha nane au cha baadaye. Vyetu ni vya kizazi cha nne. Basi palikuwa na njia mbili: kuzitupa mashine ambazo bado zina nguvu, au kuzipa mfumo mwingine. Mwalimu wetu akaona ni dhambi kutupa, akachagua mfumo uitwao Linux Mint.

Kwa asiyejua, mfumo wa uendeshaji ni ile programu kuu inayoamka mara kompyuta inapowashwa, ikaamuru skrini, kibodi, diski na vyote vingine. Programu nyingine zote hupanda mgongoni mwake. Windows ni mfumo mmojawapo, na Linux ni mwingine. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki katika nchi ya Finland, naye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 21, yaani miwili tu kunizidi mimi. Aliutoa kwa watu wote bure, hata leo ni bure. Linux Mint tunayoitumia imejengwa juu ya Ubuntu, ambayo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianza kuitoa mwaka 2004. Neno hilo ni la Kizulu na Kixhosa, na Mswahili hana haja ya kufasiriwa, kwa kuwa ni ndugu wa neno letu utu, na hapa Uganda Baganda husema obuntu. Mwalimu alituambia ya kuwa zamani, hata mwaka 2011, mtu aliweza kuagiza sahani ya Ubuntu akaletewa kwa posta bila kulipa senti. Labda baadhi ya wazee wetu bado wanazo.

Sasa kabla ya kufuta chochote, yafaa kuuliza kama kweli pana haja. Nimeona mafundi mjini ambao kila kompyuta wanayoletewa huifuta, kama mganga mwenye dawa ya chupa moja kwa kila ugonjwa. Huko Dar es Salaam wana na neno lake, husema "kupiga Windows". Lakini mashine inayojizima yenyewe ikipata joto huenda imejaa vumbi tu, nayo yataka brashi. Mashine iliyo nzito kwa sababu kumbukumbu yake ya muda ni ndogo itarudi kuwa nzito hata ukiifuta mara saba. Na ikiwa diski yenyewe inagonga, ta-ta-ta, kama kucha juu ya meza, hiyo inakufa. Kuiwekea mfumo upya ni kupaka rangi nyumba ambayo mchwa wamekwisha kula nguzo zake. Okoa kilichomo upesi, kisha ununue diski nyingine. Kufuta kwafaa pale ambapo mfumo umeharibiwa na virusi, au umepitwa na wakati kama wetu, au mashine inapopewa mtu mwingine.

Nifike sasa kwenye jambo ambalo watu wengi hawalielewi, nami sikulielewa mpaka liliponipata. Kufomati diski ni kufanya nini hasa?

Ninyi nyote mnakijua chumba cha masanduku. Mwanzo wa muhula kila mwanafunzi hupeleka sanduku lake kwa Bruda, naye huandika katika daftari lake: sanduku la fulani, rafu ya 3, nafasi ya 12. Chumba ni kikubwa na masanduku yanafanana, kwa hiyo bila daftari hakuna anayepata kitu. Diski ya kompyuta ndiyo chumba hicho. Ndani yake mna sahani ngumu zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu ya sahani habari zote zimegawanywa katika vijisehemu viitwavyo sekta. Kwa desturi ya zamani sekta moja huchukua baiti 512, na diski mpya huchukua 4,096. Diski ya gigabaiti 500, kama zetu, ina sekta za namna ya zamani zaidi ya milioni 976. Ili kompyuta ijue barua yako iko katika sekta zipi, huwa na daftari lake, nalo huwekwa humo humo ndani ya diski. Namna ya kuandika daftari hilo hutofautiana. Windows hutumia namna iitwayo NTFS, Linux hutumia sana ext4, na flashi nyingi hutumia FAT32, ile isiyokubali faili moja kuzidi gigabaiti 4. Ndiyo sababu filamu ndefu wakati mwingine hukataa kuingia katika flashi ambayo bado ina nafasi tele.

Kufomati kwa haraka ni kulichoma daftari la Bruda na kufungua jipya lisilo na jina hata moja. Masanduku yamo yote! Hakuna aliyeyagusa. Lakini Bruda akisoma daftari jipya aona rafu zote ni tupu, na mwanafunzi mgeni akija, sanduku lake litawekwa rafu ya 3 nafasi ya 12, na lile la zamani litatupwa nje. Basi habari zilizofutwa hazipotei kwa kufomatiwa. Hupotea pale kitu kipya kinapoandikwa juu yake.

Kufomati kamili ni jambo lingine. Katika Windows tangu toleo la Vista, kufomati kamili huandika sifuri katika kila sekta, yaani masanduku yenyewe hutolewa na rafu kupanguswa. Katika Windows XP haikuwa hivyo. Mashine ilipitia diski yote polepole, mtu akadhani kila kitu kimefutwa, kumbe ilikuwa inatafuta sekta mbovu tu. Jambo hili si mchezo kwa mtu anayeuza kompyuta yake au kuigawa. Mwaka 2003 Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa chuo cha MIT, Marekani, walitangaza habari za diski 158 zilizokwisha tumika ambazo walizinunua. Diski 129 zilisomeka, na kati ya hizo 12 tu ndizo zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Katika zile nyingine walikuta barua za watu, habari za matibabu, na maelfu ya namba za kadi za benki. Nyingi wenyewe walikwisha zifomati, wakaridhika.

Nikumbushe pia ya kuwa diski si kitu cha jana. Ile ya kwanza kuuzwa ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wake inchi 24, nayo iliingia herufi milioni 5 tu. Picha moja ya simu ya siku hizi yaweza kuijaza.

Tuje kwenye kazi yenyewe. La kwanza ni kuokoa vilivyomo. Watu hukumbuka nyaraka zao, wakasahau vilivyo juu ya uso wa skrini, vilivyopakuliwa kutoka intaneti, na nywila zilizohifadhiwa ndani ya kivinjari. Tena kompyuta yenye virusi ina hila zake. Virusi tulivyokuwa navyo sisi ni vile vinavyogeuza folda zote za flashi kuwa njia za mkato. Mtu akaona folda zake zimegeuka, akalia kwamba insha zake zimeibwa, kumbe zimo mle mle, zimefichwa tu. Dawa yake ni kuiwasha mashine kwa Linux iliyo ndani ya flashi, bila kugusa Windows. Linux haijali alama ya kufichwa iliyowekwa na Windows, kwa hiyo folda zote huonekana peupe, na virusi vya Windows haviwezi kutembea humo. Nakili insha, picha na hesabu zako. Usinakili programu wala njia za mkato, maana utabeba ugonjwa na mgonjwa pamoja.

La pili ni kutengeneza flashi ya kuwekea mfumo. Mtu hupakua faili moja kubwa, na ya Linux Mint ni karibu gigabaiti 3. Sisi tuliipakua usiku kucha. Faili hii haitoshi kuinakili katika flashi kama wimbo. Yapasa iandikwe kwa programu maalumu kama Rufus, ili kompyuta iweze kuamka kutoka kwayo, na katika kuiandika kila kitu kilichokuwa ndani ya flashi hufutika. Flashi ya gigabaiti 8 yatosha.

Kabla ya kuiandika, lipo jambo ambalo mafundi wengi huliruka, nami nasisitiza lisirukwe. Watengenezaji hutangaza pamoja na faili hiyo alama yake, mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Kompyuta yako yaweza kuihesabu alama ya faili uliyoipakua, nawe ukalinganisha. Ikitofautiana hata herufi moja, faili hiyo imeharibika njiani au imechezewa. Tarehe 20 Februari 2016 wahalifu waliingia katika tovuti ya Linux Mint yenyewe, wakageuza kiungo cha kupakua, watu wakapewa toleo lililotiwa mlango wa siri. Wenyewe waligundua upesi wakatangaza, lakini tayari walikuwapo waliokwisha pakua.

Kisha chomeka flashi, washa mashine, na papo hapo bonyeza kitufe cha kuchagua pa kuamkia. Kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12, kwa HP ni F9. Ukichelewa nukta chache mfumo wa zamani utaamka, nawe itabidi uanze tena. Nalijaribu mara tano siku ya kwanza, na wanafunzi wa kidato cha kwanza wakihesabu kwa sauti.

Linux ikiamka kutoka flashi, bado hujagusa diski. Waweza kukaa hapo, ukajaribu sauti, mtandao na kipanya, ukaona kama vyote vinakubali. Nasema hivi kwa kuwa mashine yetu moja ilikataa mtandao wa hewani, na ilikuwa heri kulijua hilo kabla ya kufuta. Ukiridhika, fungua programu ya kuweka mfumo. Itauliza lugha na namna ya kibodi. Hayo ni mepesi. Kisha itauliza swali moja zito, yaani ufute diski yote, au uweke Linux kando ya Windows, au ugawe mwenyewe. Ukichagua kufuta, yakuuliza ni diski ipi.

Hapo ndipo nilipoanguka.

Ilikuwa Jumamosi ya pili ya muhula uliopita, na mashine ilikuwa namba 6. Asubuhi ile Bruda mtunza maktaba alikuwa ameitumia mashine hiyo hiyo, akaacha imechomekwa diski yake ya nje, nyuma, mahali pasipoonekana. Katika diski ile zilikuwamo picha za zamani za shule. Kwa likizo mbili Bruda aliziazima picha kwa wazee wa shule, moja moja, akazipiga chapa kwenye skana, kisha akazirudisha kwa wenyewe. Zilikuwa picha 640. Na kwa kila picha aliandika majina ya walioonekana ndani yake, na mwaka, kama alivyoambiwa na mwenye picha. Majina hayo hakuyaandika katika karatasi. Aliyaandika kuwa ndiyo jina la faili.

Diski ya ndani ya mashine namba 6 ni ya gigabaiti 500. Diski ya Bruda nayo ni ya gigabaiti 500. Kwenye skrini Linux haziiti kwa majina ya watu. Yaziita sda na sdb. Mimi nalikuwa nimekwisha fanya mashine tano bila kosa, mkono ukawa mwepesi kuliko jicho. Nikachagua. Programu ikanionyesha onyo, diski fulani itafutwa, je, una hakika? Sikulisoma. Nikabonyeza.

Nikakaa kutazama. Baada ya dakika kama tatu nikaona ajabu: ile taa ndogo mbele ya mashine, inayometameta diski ya ndani inapofanya kazi, ilikuwa imetulia kabisa. Nikainama nyuma. Nikaona taa nyingine ikimetameta, ya samawati, nikaijua ni ya nani. Nikaichomoa diski ile kwa mkono unaotetemeka.

Kuchomoa hivyo kwa desturi ni vibaya, lakini siku ile ndiko kulikookoa kitu. Kumbukeni chumba cha masanduku. Daftari lilikuwa limekwisha choma, na wageni walikuwa wanaingiza masanduku yao kwa kasi. Kila dakika ya kungoja ilitupa nje picha nyingine. Kwa hiyo mtu yeyote akifuta kwa makosa, kwanza aache kuandika lolote katika diski hiyo. Asijaribu kuifomati tena, wala asiweke programu ya uokoaji ndani yake.

Nalikwenda kwa Bruda kabla ya chakula cha usiku. Nikamwambia, "Bruda, nimekosa. Nimefuta diski ya picha." Hakunigombeza. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na majina, mwanangu?"

Mwalimu wa kompyuta akaniletea programu iitwayo PhotoRec, iliyoandikwa na Christophe Grenier wa Ufaransa, nayo hutolewa bure. Kazi yake ni ya subira. Haitazami daftari kabisa, kwa kuwa yajua limechoma. Hupita sekta moja baada ya nyingine, toka mwanzo wa diski hata mwisho, ikitafuta alama. Kila picha ya namna ya JPEG huanza kwa baiti zile zile. Basi ikiziona, husema hapa yaanza picha, ikaisoma mpaka mwisho na kuiandika katika diski nyingine. Tulianza saa mbili usiku. Ilipokaribia saa nane usiku ilikuwa imemaliza, na mwalimu alikuwa amelala juu ya kiti.

Zilipatikana picha 583. Nyingine 57 hazikuonekana tena, na katika zile zilizopatikana chache zina nusu tu, sehemu ya chini imekuwa rangi ya kijivu, kwa sababu picha hizo zilikuwa zimewekwa katika vipande mbalimbali na kipande kimoja kimefunikwa. Laiti diski ile ingalikuwa ya namna mpya isiyozunguka, SSD, huenda nisingaliokoa hata moja, kwa kuwa katika diski za namna hiyo mfumo ukizifomati mara nyingi huiambia diski yenyewe iyaachilie yote yaliyokuwamo, nayo hutii upesi sana.

Lakini majina hayakurudi hata moja. Majina ya faili hukaa katika daftari, wala hayamo ndani ya picha. PhotoRec huzipa picha namba ya sekta zilipopatikana, herufi f na tarakimu nyingi nyuma yake. Basi nyuso tunazo, na hatujui ni nyuso za nani. Bruda anakumbuka chache. Amekaa nami Jumapili nne tukizitazama, naye akisema "huyu alikuwa mtu wa upande wa Masaka", au "huyu alipiga ngoma vizuri", lakini jina halimjii.

Mashine namba 6 ilimalizwa Jumatatu iliyofuata, na mwalimu amesimama nyuma yangu. Tulichomoa kila kitu isipokuwa flashi, kibodi na kipanya, na sasa hiyo ndiyo sheria ya chumba chetu, imebandikwa ukutani. Kuweka mfumo kulichukua dakika 20 hivi. Baada ya hapo mashine huwashwa upya, flashi hutolewa, mfumo husasishwa kutoka intaneti, kisha insha za watu hurudishwa mahali pake. Toleo letu ni Linux Mint 22, lililotolewa Julai 2024, nalo litatunzwa hata mwaka 2029. Mashine zote 11 sasa zinatumia mfumo huo. Wako wanaolalamika ya kuwa programu ya kuandikia barua si ile waliyoizoea, na kweli, ukipeleka kazi yako kwenye kompyuta ya mjini yenye Windows, mistari wakati mwingine husogea. Mimi huwashauri waihifadhi kwa namna ya PDF kabla ya kuipeleka kuchapwa.

Na picha zile sasa zina nakala tatu: moja katika mashine ya maktaba, moja katika diski ya Bruda, na ya tatu katika ofisi ya misioni, mbali na hapa, hata shule ikipatwa na moto.

Sasa ombi langu kwa wazee wetu. Kama ulimwazima Bruda picha, tafadhali itazame tena ile uliyorudishiwa, uandike nyuma yake majina unayoyakumbuka na mwaka, kisha utuletee orodha hiyo au uitume kwa anwani ya shule. Kama hukumwazima, lakini ulisoma hapa, pita maktaba siku yoyote ya Jumamosi baada ya saa nane mchana. Picha zote 583 zimepewa namba mpya, kuanzia 1, na ziko katika mashine iliyo karibu na dirisha. Mimi au mmoja wa vijana wa kidato cha tatu tutakuwapo kuandika. Tuanzie na namba 214, ambayo Bruda anaitafuta kuliko zote: wavulana 11 wa timu ya mpira, wote hawana viatu, wamesimama mbele ya kanisa la zamani kabla halijaezekwa kwa mabati, na yule wa mwisho kulia, mwenye miwani, ameshika kamba ya mbuzi.